Tuichore Njia ya Kahawa Kabla ya Kulaumiana

Muhula wa kwanza ukifunguliwa hazipiti wiki nyingi kabla majina hayajaanza kusomwa gwarideni. Wenye majina hayo huchukua mabegi yao wakashika njia kwenda kutafuta karo. Wengi wetu tunatoka miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Manyatta na Runyenjes kule Embu hadi Nkubu na Githongo upande wa Meru, na jibu linalotungoja nyumbani mara nyingi ni moja: "Kahawa bado haijalipa." Mzazi akishasema hivyo, mazungumzo yamekwisha. Husema kana kwamba kahawa ni mvua, ikitaka itanyesha, isipotaka basi.

Lakini kahawa hailipi mtu. Kahawa ni tunda. Wanaolipa ni watu, na kama malipo hayajafika, basi kuna kazi fulani ambayo mtu fulani hajaimaliza, au ameimaliza na karatasi yake imelala mahali. Ni nani huyo? Ni kazi gani? Ukimwuliza mzee nyumbani atakuambia, "Ni hao watu wa kamati." Ukimwuliza mtu wa kamati atakuambia, "Ni hao watu wa Nairobi." Mimi sitaki kujiunga na mchezo huo wa kurushiana mpira. Maoni yangu ni haya: chama cha ushirika, shule, hospitali au afisi yoyote isiyoweza kuchora katika karatasi moja jinsi kazi yake inavyotoka mkono mmoja hadi mwingine, haijui kazi yake, na haina haki ya kumwambia mtu "rudi wiki ijayo".

Kahawa si mgeni huku. Katika miaka ya 1930, wakati Waafrika wengi wa Kenya walikuwa wamezuiwa kupanda zao hili ili walowezi wabaki nalo peke yao, Meru na Embu pamoja na Kisii ndizo sehemu zilizoruhusiwa kwanza kulijaribu. Kwa hiyo watu wetu wamekuwa wakipeleka kahawa kiwandani kwa zaidi ya miaka 80. Huenda ndiyo sababu hakuna anayeona haja ya kuieleza njia yenyewe. Kila mtu anadhani mwenzake anaijua.

Hebu tuifuate. Msimu mkubwa huku ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, na sehemu kubwa yake hutukuta likizoni, basi kuchuma tunakujua. Matunda mekundu huchambuliwa juu ya gunia, mabichi na yaliyooza yakatolewa, kisha mzigo ukabebwa kwa mkokoteni, pikipiki, punda au mgongo wa mama hadi kiwandani. Karani wa mizani hupima, huandika daftarini, akampa mkulima risiti yenye nambari yake ya uanachama. Mashine humenya jioni hiyo hiyo. Kahawa hulazwa katika matangi ichachuke ule utelezi utoke, huoshwa, hupitishwa katika mifereji ya maji ambamo nzito huzama na nyepesi huelea, kisha huanikwa juu ya meza za waya hadi ikauke. Huingia ghalani. Hapo hungoja gari, na gari nalo hungoja kibali cha kusafirisha. Ikifika kwenye kinu cha kukoboa, ganda hutolewa na mbegu zikapangwa kwa ukubwa na uzito wake: AA, AB, PB, C na nyinginezo. Sampuli huonjwa. Orodha ya mnada hutolewa. Mnada wenyewe uko Nairobi, na kwa miaka mingi umekuwa wa Jumanne. Mnunuzi hulipa. Kinu hukata chake, dalali hukata chake, chama hukata chake pamoja na deni la mbolea, na kinachobaki hugawanywa kulingana na kilo alizoandika yule karani wa mizani jioni ile ya Novemba.

Hapo mali imepita mikononi mwa watu zaidi ya kumi, na nimeruka mengi. Kila mmoja anaijua hatua yake na pengine hatua ya jirani yake. Aliyeijua yote ni nani?

Kuna jambo ambalo huwezi kuliona mpaka ulichore. Kipimo hubadilika njiani. Mkulima huhesabu kilo za matunda yenye maji. Kinu huhesabu kilo za mbegu safi. Mnada hutaja bei kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50. Halafu mkulima hulipwa kwa shilingi, tena kwa kilo ya matunda! Kwa kawaida huhitajika kilo 6 au 7 za matunda ili kupata kilo 1 ya kahawa safi. Sita au saba, utasema, si ni kitu kidogo tu? Chukua kilo 7,000 za matunda. Ukigawanya kwa 7 unapata kilo 1,000. Ukigawanya kwa 6 unapata karibu kilo 1,167. Tofauti hiyo inajaza magunia mawili ya kilo 60 na bado kuna ya kubaki. Sisemi magunia hayo yameibwa. Huenda mvua ilikosekana na mbegu zikawa nyepesi. Nasema hivi: kama hakuna mchoro unaoonyesha ni wapi kipimo kinageuka, na ni nani anayeandika hesabu kabla na baada ya kugeuka, basi hakuna atakayejua. Mwizi hatajulikana na mwaminifu hatasafishwa jina.

Kuchora kwenyewe si uchawi. Fikirini uwanja wetu wa riadha siku ya mashindano, kila mkimbiaji na njia yake. Katika karatasi chora njia ya mkulima, njia ya karani, njia ya meneja wa kiwanda, njia ya kinu, njia ya benki. Kila kazi ni kisanduku, nacho huwekwa katika njia ya yule anayeifanya. Mshale ukivuka kutoka njia moja hadi nyingine, maana yake kitu kimekabidhiwa. Hapo pa kukabidhiana ndipo pa kukodolea macho, maana hata sisi kwenye mbio za kupokezana, kijiti huanguka pale wawili wanapokutana. Penye swali chora umbo la almasi, mshale mmoja wa ndiyo na mwingine wa la. Mwanzo ni duara jembamba, mwisho ni duara nene. Wataalamu wa kompyuta wana mkusanyiko wao wa alama za namna hii uitwao BPMN, uliotolewa mwaka 2004, lakini msitishwe na herufi hizo. Ni visanduku na mishale tu.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Frank Gilbreth wa Marekani alianza maisha akiwa mwashi wa matofali. Aliwatazama waashi wenzake, akaona kwamba kutia tofali moja ukutani kulichukua mijongeo 18, akaipunguza ikawa kama 5 hivi, hasa kwa kuyainua matofali ili mtu asiiname kila mara. Mwaka 1921 yeye na mkewe Lillian waliwaeleza wahandisi wa mitambo wa nchi yao namna ya kuchora kazi yoyote hatua kwa hatua. Mimi humpenda Gilbreth kwa sababu aliianza elimu yake penye tope na matofali. Alimtazama anayefanya kazi kabla ya kumwambia chochote.

Na hapo ndipo penye sheria ambayo afisi nyingi huivunja. Chora kazi ilivyo, si inavyotakiwa kuwa. Likizo ya Desemba nilipata nafasi ya kuwauliza watu wawili wa chama kimoja cha kahawa swali lile lile: pesa za kahawa huja vipi? Mwenyekiti alinijibu vizuri sana, kwa upole, "Tunapeleka, inauzwa, tunalipa." Visanduku vitatu. Karani alicheka, akasema, "Kijana, keti."

"Mzee, mnada ukiisha si pesa huja moja kwa moja?"

"Zije kwa nani? Kwanza ije karatasi ya kuonyesha kila fungu limeuzwa bei gani. Ikija, ninakaa chini na hizi daftari tatu ninalinganisha. Jina likikosewa herufi moja tu, benki inarudisha."

"Ikirudisha?"

"Ninaandika barua, meneja anatia sahihi. Kama meneja ameenda mkutanoni, barua inangoja."

"Na haya yote yameandikwa wapi?"

Aligusa kichwa chake. "Hapa."

Mzee huyo yu karibu kustaafu. Siku atakayoondoka, ataondoka na nusu ya chama chini ya kofia yake, na anayeajiriwa mahali pake ataanza kwa kukosea. Kuuliza si ujinga, lakini pia kuna haja ya kuwa na wa kuulizwa.

Tazama tena ile barua ya meneja. Kuiandika ni dakika kumi na tano. Kutia sahihi ni sekunde. Lakini inaweza kulala mezani siku kumi. Ukiandika muda wa kazi ndani ya kila kisanduku, na muda wa kungoja kando ya kila mshale, utashangaa. Sisi tukisikia malipo yamechelewa huwaza kwamba watu hawafanyi kazi kwa bidii, tukawaambia waongeze bidii. Karani anaweza kukimbia mpaka atokwe jasho, na barua ikalala siku zile zile kumi, kwa sababu uchelewaji haukuwa katika visanduku. Ulikuwa kwenye mishale.

Kuna wanaosema kahawa huchelewa kwa maumbile yake, kwamba ni zao la polepole. Pana ukweli kidogo. Majani ya chai hufika kiwandani leo na kesho ni chai tayari, ilhali kahawa lazima ichachuke, ikauke, ikobolewe. Lakini jirani zetu wenye chai, wanaopeleka majani Rukuriri na Mungania kule Embu au Kinoro na Imenti huku Meru, hawalipwi kila mwezi kwa sababu majani yao yameuzwa mwezi huo. Hulipwa kiasi fulani kila mwezi, kisha bonasi mwisho wa mwaka baada ya hesabu kufungwa, kwa sababu utaratibu wao ulipangwa hivyo na watu. Hata upande wa kahawa serikali imeanzisha mfuko wa malipo ya mapema kupitia New KPCU, mkulima apate chochote wakati kahawa ingali njiani. Kwa hiyo kungoja si tabia ya mmea. Ni mshale ambao mtu aliuchora mrefu, na mtu anaweza kuuchora upya.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kahawa huku kwetu huchumwa na akina mama, lakini nambari ya uanachama mara nyingi ni ya baba. Baba akifariki, shamba haliachi kuzaa. Mama anaendelea kuchuma, karani anaendelea kupima, risiti zinaendelea kutoka kwa jina la marehemu, na pesa zinaingia katika akaunti ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuifungua. Utaratibu wa chama unasema, "Mwanachama alipwe." Ni kisanduku kimoja kizuri. Lakini ungechora almasi mbele yake na kuuliza, "Je, mwanachama yu hai?", mshale wa ndiyo ungeenda benki, na mshale wa la ungening'inia hewani. Mama yule huambiwa aende kwa chifu, kutoka kwa chifu aende kortini, akirudi kutoka kortini anaambiwa picha ya kitambulisho haionekani vizuri. Wakati huo watoto wake wako nyumbani, na kahawa waliyoichuma wenyewe imeshanywewa Ujerumani. Sheria ya ushirika humruhusu mwanachama kumtaja mrithi wake angali hai. Kumbe dawa ipo! Fomu hiyo ingejazwa siku ya kujiunga na chama, au siku yoyote mtu anapokuja kuchukua risiti. Lakini nani ataikumbuka, ikiwa hakuna aliyewahi kuuona ule mshale unaoning'inia?

Watu wengine husema, "Leteni kompyuta, mambo yatanyooka." Mimi napenda kompyuta kama kijana mwingine yeyote. Hata hivyo, tusome yaliyowapata wenye magari. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Ford kule Marekani ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 500 katika idara ya kuwalipa wanaoiuzia vipuri. Walitaka kompyuta ziwapunguzie kazi kidogo. Kisha wakatazama Mazda ya Japani, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5. Kweli Mazda ilikuwa ndogo, lakini si ndogo kiasi hicho. Walipoifuata njia ya karatasi zao, Ford waligundua kwamba makarani walikuwa wakipoteza muda mwingi kulinganisha karatasi tatu, yaani agizo la kununua, hati ya kupokea mali, na ankara ya muuzaji, na kusaka sababu ya kutopatana kwake. Wakaiondoa ankara kabisa. Mali ikifika na ikilingana na agizo lililo katika kompyuta, hundi hutoka. Idara ikapungua kwa robo tatu. Michael Hammer aliyeyaandika hayo mwaka 1990 alikuwa akiwaonya wakubwa wa makampuni wasichukue utaratibu mbovu wakautia katika mashine, kwa sababu mashine itaurudia ubovu ule ule kwa kasi zaidi. Sijui kama makarani wale waliopunguzwa walifurahi, na hilo pia si dogo.

Nasi hapa mwaka 2023 tuliletewa mfumo wa malipo ya moja kwa moja kupitia Benki ya Ushirika. Fedha za mnada huingia katika akaunti moja, kisha kila mmoja akapata fungu lake kutoka hapo, badala ya kuzungushwa kutoka kwa dalali hadi chama hadi mkulima. Mimi nauunga mkono. Umekata kipande kirefu cha njia. Lakini tazama mchoro: mfumo huo hutegemea orodha itokayo kwenye chama, ya nani alileta kilo ngapi na akaunti yake ni ipi. Kama orodha ina jina la marehemu, fedha zitamfikia marehemu upesi kuliko zamani.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba ucheleweshaji mwingine si ajali, kuna watu wanaokula hapo katikati, na mwizi haogopi mchoro. Ni kweli, mchoro haumkamati mtu. Lakini unaonyesha ni mahali gani mtu mmoja peke yake anapima, anaandika na kuthibitisha, bila jicho la pili. Mkutano mkuu wa wanachama ukiwa na karatasi hiyo ukutani, maswali hubadilika. Badala ya "Pesa zetu ziko wapi?", mkulima atauliza, "Kisanduku cha saba, nani mwingine hutia sahihi?" Swali la kwanza mwenyekiti amezoea kulijibu kwa hotuba.

Mwingine atasema, basi tuondoe hizo sahihi zote, kazi iende mbio. Polepole, ndugu! Visanduku vingine viliwekwa kwa machozi. Sheria ya vyama vya ushirika ya 1997 iliiondoa serikali katika usimamizi wa karibu wa vyama, ikawaachia wanachama wenyewe. Lilikuwa jambo zuri kwenye karatasi. Kilichofuata katika sehemu nyingi ni vyama kugawanyika, kamati kujikopesha na ugomvi, hata mwaka 2004 sheria ikarekebishwa na kumrudishia kamishna wa ushirika sehemu ya uwezo wake. Kwa hiyo kabla hujakifuta kisanduku, uliza kiliwekwa na nani, baada ya jambo gani. Ukikosa jibu, kifute kwa penseli kwanza.

Na shule je? Walimu wetu wapendwa, nisemalo si lawama. Mwanafunzi akiugua wakati wa masomo anahitaji ruhusa ya mwalimu wa darasa, kisha ya mwalimu wa zamu, ndipo amwone muuguzi. Muuguzi akiona aende hospitali, inarudi kwa mwalimu wa zamu, inaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu, inaenda kwa mhasibu kwa ajili ya nauli, inaishia kwa mlinzi langoni. Kila hatua ina sababu yake, maana wako wenzetu ambao wangeumwa kichwa kila siku ya soko. Lakini mwalimu wa darasa akiwa darasani kwingine, mgonjwa huambiwa "ngoja kengele", na nimewahi kuona mtu akingoja kengele mbili ilhali anatetemeka kwa malaria. Hakuna mwalimu aliyekataa. Ni mshale tu haukuchorwa: kama mwalimu wa darasa hayupo, nani badala yake?

Ndiyo maana naomba Chama chetu cha Kiswahili kiichukue kazi hii, sio kile cha Biashara peke yake. Kila kisanduku huanza kwa kitenzi: pima, andika, linganisha, peleka, lipa. Vitenzi ni kazi yetu. Tuchukue karatasi ya manila Ijumaa baada ya masomo, tuanze na hiyo ruhusa ya hospitali, tumwite kila anayeigusa aseme anachofanya hasa, na mishale isiyo na mwisho tuichore kwa kalamu nyekundu. Likizo ikifika, kila mmoja aende na karatasi yake kiwandani kwao, akae na karani. Muuguzi amekubali kuja. Mlinzi wa lango naye amekubali, na anasema ana madaftari ya miaka minne, ya kila aliyetoka na saa aliyotoka, ambayo hakuna mtu amewahi kumwomba.